Aliyeng'oa Plagi

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga ngoma, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimelaumiwa kwa kosa ambalo sikulifanya. Tulikuwa vijana watatu pale Embu mjini, suruali tumezichana wenyewe, tukipiga roki ya panki, ile ya kelele na hasira, na watu walitaka rumba. Alasiri moja ukumbini, katikati ya wimbo, spika zikanyamaza ghafla. Taa zilikuwa zinawaka, kwa hivyo si stima iliyopotea. Mtu alikuwa ameng'oa plagi.

Mpiga besi alisema ni mguu wangu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimrushia vijiti mbele ya watu wote. Bendi ilifia hapo.

Mwaka huu mwimbaji wetu, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alinipigia simu: tukutane kwao Githongo, tupige tena, hata mara moja. Nilienda, lakini si kwa sababu ya muziki. Nilitaka kujua nani aliing'oa ile plagi.

Tulipanga vyombo katika stoo ya kahawa. Mama yake mwimbaji, ajuza sasa, alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi mbichi. Mpiga besi alifika kutoka Kiritiri, anakofuga mbuzi, kitambi mbele.

"Leo miguu yako iwe mbali na waya," akanitania.

Nikawaka. "Wewe! Mpaka leo hujachoka na huo uongo?"

"Ni mimi," mwimbaji akasema. Alikuwa ameshika plagi mkononi. "Nilimwona mama akiingia na kitambaa chake cha kanisa. Ubeti uliofuata ulikuwa wa baba na vile alivyokuwa akimpiga. Nikaogopa."

Jamani! Miaka yote hiyo, na ametuacha tukichukiana! Nilitafuta tusi la kumfaa, lakini mama alikuwa ameweka kisu chini.

"Niliambiwa kuna wimbo kama huo," alisema kwa Kiswahili, ili hata sisi wageni tuelewe. "Ndiyo maana nilikuja. Hakuna mtu alikuwa amewahi kulisema hilo jambo. Nikalipa mlangoni, nikaingia, na wewe ukazima."

Baba yake mwimbaji alikuwa ameshazikwa, na mazishini alisifiwa sana.

"Bado unaukumbuka?" mama akauliza.

Mwimbaji alichomeka plagi. Hasira yangu sijui ilienda wapi. Nikahesabu hadi nne, tukaanza.

Sauti yake ilikwaruza vibaya, lakini aliyasema yote: mkanda, mlango uliofungwa kwa ndani, na yeye, mtoto, nje akisikiliza. Mama alitikisa kichwa kukubali kila mstari, akihakikisha hakuna kilichoachwa. Ubeti ulipoisha, alisukuma ule mlango wa stoo ukafunguka wote.

"Rudia," akasema. "Majirani hawajasikia."