Uzi wa Mshipi Kwenye Kidole

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sikuwahi kupanda chombo cha kuvulia, hata kimoja, ingawa nimeishi na harufu ya samaki tangu nizaliwe. Mtu akisikia natoka Kigoma, na marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, anadhani nami najua kuvua. Sijui. Kwetu wakati ule mwanamke hakupanda chombo cha uvuvi. Boti la abiria alipanda, hata akitaka kwenda Burundi alikwenda, lakini chombo chenye nyavu na mishipi, hapana, walisema samaki watakimbia. Wakimbilie wapi, sikuambiwa.

Kazi yetu wanawake ilikuwa mwaloni, pale vyombo vinapofikia. Vikionekana tu vinakuja, tunaingia majini na mabeseni mpaka kiunoni, kila mmoja anakimbilia chombo chake, maana wa kwanza kufika anapata dagaa wazima na wa mwisho anapata waliopondeka. Nimekimbia hivyo karibu miaka thelathini. Magoti haya yanayoniuma, daktari wa huku anasema ni uzee. Mimi nasema ni mwalo.

Mume wangu alivua dagaa kwa taa kama wenzake. Lakini mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi siku hizo alichukua mshipi akaenda peke yake mchana kutafuta kuhe na migebuka. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda. Akirudi namuuliza, samaki akishika ndoano unajuaje? Anacheka tu. Siku moja nikamshikilia sana, akakata kipande cha uzi wa mshipi, akanifunga kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akaupitisha uzi chini ya mlango, akaenda kukaa nje.

"Fumba macho," akasema kutoka huko.

Akavuta. "Huyo mgebuka." Mgebuka ananyakua na kukimbia, kama mwizi wa kuku. Akavuta tena. "Huyo kuhe." Kuhe anavuta taratibu, anaacha, anavuta tena, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake sokoni anataka kitu. Sangala havuti kabisa. Anatulia, unadhani umenasa jiwe, mpaka jiwe lianze kutembea. Tulikuwa watu wazima wenye watoto wanne, na tulicheza mchezo huo miaka na miaka. Jirani mmoja alitukuta, mimi ndani nimefumba macho, yeye nje ameshika uzi, akaenda kutangaza kwamba tumerogwa. Ndivyo nilivyowajua samaki wa ziwa letu, kwa kidole, nje ya maji.

Hakufa ziwani. Watu huniuliza hilo kwa huruma, nami nawaambia alikufa kitandani, kifua kilimbana wiki tatu. Ziwa halikumfanya kitu.

Sasa, nilifikaje Ubelgiji. Binti yangu wa mwisho aliolewa huku, akazaa, akaniita nije kumlelea watoto, hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Watoto wakakua, mimi nikabaki. Tunakaa Evere, ghorofa ya tano, maji yote ninayoyaona ni ya bomba na ya mvua. Mvua ya Brussels si mvua, ni kama mtu anakupulizia dawa ya mbu. Silalamiki, nyumba ina joto, binti yangu ananitunza. Lakini mwili uliozoea ziwa upande mmoja wa uso unajikuta unageuka geuka, unatafuta ule upande. Niliwahi kusimama dirishani nikaanza kuhesabu mabasi kama nilivyohesabu vyombo. Nikaona sasa nazeeka vibaya.

Siku moja nikaenda Matonge, mtaa wenye maduka ya Waafrika, kununua dagaa, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Muuzaji alikuwa na mfuko umeandikwa dagaa wa Tanganyika. Nikachukua mmoja, nikamvunja, nikamnusa.

"Mama, hawa wa Mwanza," nikamwambia. "Wana mchanga. Wa kwetu anang'aa hata akikauka."

"Dagaa ni dagaa, mama," akasema, wala hakuinua kichwa.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Hapana. Maman iko na haki. Hii ndagala haiko ya kwetu."

Nikageuka. Mzungu mzee, mrefu, kofia ya sufu, anasema "ya kwetu" bila hata kucheka. Kumbe alifundisha hesabu Uvira, ng'ambo ya ziwa lile lile, miaka ishirini. Sasa amestaafu, anakaa Berchem-Sainte-Agathe, mjane kama mimi. Tulisimama pale dukani mpaka muuzaji akatuambia kama hatununui tumwachie njia. Nikawa namwita mwalimu, na yeye ananiita maman, kwa ile namna ya Wakongo, ingawa yeye ndiye mkubwa kwangu.

Mwalimu huyu alikuwa na bwawa. Alirithi kwa baba yake, nje kidogo ya Berchem, limezungukwa na uzio, lina samaki. Na marehemu mkewe alikuwa mtu wa Finland, kule ambako wanatoboa barafu na kuvua wakiwa wamesimama juu yake. Mashemeji walimfundisha. Aliponieleza nilidhani ananitania.

"Mnasimama juu ya maji?"

"Juu ya barafu, maman. Mayi iko chini."

"Bila chombo?"

"Bila chombo."

Bila chombo! Basi ule mwiko wao unanihusu nini? Hakuna chombo cha kukatazwa. Kuna sakafu, na mimi sakafuni nimetembea maisha yangu yote. Nikamwambia mwalimu nataka, mara moja tu kabla sijafa, nisikie samaki hai kwenye kidole changu. Nikamsimulia habari ya mlango na uzi. Hakucheka. Alisema tu, "Tungoje baridi."

Tukangoja. Miaka miwili ilipita, barafu inakuja kama ganda la yai, inaondoka. Halafu ikaja Februari moja, nadhani ni ya mwaka elfu mbili na kumi na mbili, baridi ikashuka na ikakaa. Kila asubuhi mwalimu anakwenda bwawani na chuma chake, anatoboa ukingoni, anapima kwa rula, ananipigia simu.

"Leo sita. Hapana."

Kesho yake: "Leo huit. Nane. Hapana. Inatakiwa dix, kumi, maman. Chini ya dix shiye tunakunywa kahawa, tunarudia ku nyumba."

Na redio inasema baridi itavunjika mwisho wa wiki. Nilikuwa nalala na kuamka na namba ile. Mtu niliyeishia darasa la tatu, nikawa najua sentimita kuliko fundi cherehani.

Binti yangu aliposikia alishika kiuno. "Mama, miaka yote baba alikwenda ziwani akarudi, sasa wewe unataka kuzama Ulaya? Kwenye dimbwi? Nitawaambia nini watu nyumbani?"

"Waambie nilikuwa navua."

"Mama!"

"Mwanangu, nina miaka sabini. Niambie nitavua lini."

Alikwenda chumbani akarudi na suruali ya mumewe ya kuvaa ndani na soksi jozi tatu, akazitupa kitandani kwangu, akaufunga mlango kwa nguvu.

Siku mwalimu aliposema "dix et demi", kumi na nusu, nilipanda basi na metro na tramu nimevaa hizo nguo zote, na beseni langu kwapani. Mwalimu akalitazama beseni.

"Hii ya nini?"

"Samaki watakaa wapi?"

Basi, akanifundisha ukingoni kabla hatujakanyaga, kwa ukali kama nina mtihani. Barafu nyeusi inayopitisha macho ni nzuri, nyeupe iliyochanganyika na theluji si ya kuamini. Kwenye matete usikanyage. Pale kijito kinapoingia usikaribie, maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Akanivalisha shingoni misumari miwili yenye vishikio vya mbao, iliyofungwa kwa kamba, nikitumbukia niikite kwenye barafu nijivute nitoke. Akanifunga kamba nyingine ndefu kiunoni, mwisho wake akaufunga kwenye mti. Yeye anatangulia, anagonga kwa chuma hatua kwa hatua, mimi nafuata mbali.

"Na sasa sikia, maman. Watu wawili hawasimame fasi moja. Wewe kwako, mimi kwangu. Hata nini ikitokea, usikuje kwangu mbio. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Na nilisikia kweli. Naapa nilisikia.

Alinitobolea tundu pana kama sahani, akapima mle ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanipa kifimbo kifupi cha kuvulia. Nikakikataa, nikautoa uzi wangu mwenyewe, nikafunga ndoano na funza wake mweupe na risasi kidogo ya kuuzamisha, nikavua glavu ya kushoto, nikajizungushia uzi kwenye kidole kidogo. Yeye akaenda kutoboa lake, hatua kama ishirini. Nikakaa juu ya kiti kidogo cha kukunja. Chini ya miguu yangu maji meusi, na mimi mkavu. Ningependa aone, nikawaza. Angesema nini? Angesema beseni limekaa vibaya.

Saa nzima, hakuna kitu. Barafu inatoa sauti, mara inaguna, mara inalia kwa mbali kama waya wa simu. Mwalimu alisema inakaza tu. Kidole kimekufa ganzi, naogopa samaki atakuja na sitajua.

Ndipo mwalimu akapiga kelele: "Iko! Iko, maman, ameshika!"

Mimi sikufikiri. Nasema kweli, kichwa hakikuwepo. Mtu ametangaza samaki, miguu yangu ikajua kazi yake. Nikashika beseni nikamkimbilia, kama ninakimbilia chombo mwaloni, magoti mabovu na yote, nataka niwe wa kwanza.

"Simama! Maman, simama! Lala chini!"

Barafu ikapasuka kwa sauti, pwaa, mstari mweupe ukapita kati yetu. Nikajitupa kifudifudi, beseni likateleza likaenda peke yake mpaka kwenye matete. Nikalala hivyo, shavu juu ya barafu, nasikia moyo wangu unagonga kama mtu yuko chini anabisha hodi.

Haikuvunjika. Mwalimu aliniamuru nitambae nirudi nilikotoka, naye akazunguka mbali. Samaki wake alikwisha kwenda. Uso wake ulikuwa mweupe kwa hasira, na mimi niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu niolewe.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema nisikukimbilie."

"Na wewe?"

"Nilidhani wewe ni chombo, mwalimu."

Alikaa Uvira, aliwaona wanawake wa mwaloni, akaelewa. Lakini akasema, "Bon. Imekwisha. Tunatoka."

Nikamwambia, "Nipimie tena." Akakataa. Nikasema, "Mwalimu, Jumapili barafu hii ni maji. Nipimie tena pale kwangu. Ikiwa pungufu, mimi mwenyewe nitatangulia kutoka." Nilikuwa bado nimelala. Si rahisi kubishana na mwanamke aliyelala kifudifudi.

Akapima. Mara mbili, pande mbili za tundu. Akachunguza ule mstari, haukuwa na maji. "Robo saa," akasema. "Na kama ukisimama mbio tena, nitakuvuta na kamba kama mbuzi."

Nikajifunga tena uzi kidoleni. Sikutazama tundu. Nikafumba macho, kama zamani nyuma ya mlango.

Na ikaja. Kwanza mguso mdogo, tok. Kimya. Tok, tok. Kisha uzito ukaning'inia, unatetemeka wote, hauendi popote, kama kidole kimeshikwa na mtu mwenye homa. Nikangoja anyakue kama mgebuka, hakunyakua. Nikangoja abembeleze kama kuhe, wapi. Nikavuta mkono juu ya mkono, na akatoka samaki wa kiganja kimoja, mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu, mgongo wa miiba. Mwalimu akaniambia jina lake kwa Kifaransa kutoka kule alikosimama, hakukaribia. Nililia kidogo. Machozi ya huko yanauma, yanaganda.

Nilimpa mwalimu kile kifimbo chake na shukrani, na samaki nikamwambia tugawane, kwetu hata aliyeshika tu kamba ya chombo hupewa kitoweo. Akasema samaki huyu hagawanyiki, nende naye.

Binti yangu alimkaanga jioni ile. Tulikula, vipande viwili kila mtu, miiba mingi. Aliosha sahani, akafuta mikono, halafu akaja akakaa mbele yangu, akaninyooshea kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sikujua kama baba yake alimchezea naye mchezo ule. Hatukuwahi kuusema.

Nikamfunga uzi, nikarudi mpaka kwenye kochi. Akafumba macho. Nikavuta kama nilivyovutwa, tok, kimya, tok tok, halafu ule mtetemo.

Akafikiri. "Kuhe?"

"Siyo kuhe," nikamwambia. "Huyu baba yako hakumjua."