Salamu za Sefu

Mwaka wa hamsini na nane, Bi Biasha wa Msambweni alisikia kuwa serikali inataka kupunguza fedha za wodi ya wagonjwa wa akili alimolazwa mwanawe, Sefu. Hasira zikampanda. Akamwendea Mwalimu Chirau amwandikie barua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria.

Walipofika mwisho, penye salamu za jamaa, Biasha akasema, "Na Sefu anakusalimu."

"Bi Biasha, mwendawazimu hatiwi kwenye salamu."

"Ana jina, Mwalimu! Mtie, tena awe wa kwanza."

Jibu likaja. Mjumbe aliahidi kuipinga hoja hiyo barazani. Chini akaandika, "Nisalimie Sefu."

Tangu Sefu augue, hakuna aliyewahi kumtumia salamu. Biasha akajitupia buibui, akatoka kwenda kumfikishia.