Kiti Kando ya Maiti

Asubuhi ile, Uvira, mama alikuwa ameanika ndagala kwenye mkeka, anagombana na mbuzi wa jirani. "Akikula tena samaki wangu, sisi tutamkula yeye," alisema. Nilicheka huku nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Mpaka leo nakumbuka harufu ya samaki wale kuliko milio ya risasi iliyofuata vita vilipoingia mjini. Mchana hapakuwa na mbuzi wala jirani.

Tulishika barabara ya kusini kuelekea Baraka, sisi na mji mzima. Miguu ya mama ilikuwa imevimba tangu siku za amani. Siku ya tatu aliketi chini ya mchikichi.

"Miguu iko inakataa, papa," alisema; ndivyo alivyoniita mimi mwanawe kwa mapenzi. "Enda."

Nilimwachia kopo la maji na koti langu. Nikamwambia nakwenda kutafuta baiskeli, nitarudi nimbebe.

Baiskeli niliipata.

Lakini nyuma barabara ilikuwa imefungwa. Kila aliyejaribu kurudi alipigwa risasi.

Nikageuka tena kusini.

Kilichofuata ni Kalemie, Zambia, malori, na mwishowe Durban. Huko mimi, mwalimu mzima, nikawa mlinzi wa magari South Beach kila wikendi, na siku za kazi nikafyeka majani kwenye makaburi ya Wayahudi. Eish, makaburi yale! Magugu yalinifika kiunoni. Mawe yalikuwa yameanguka kifudifudi, na yaliyosimama, maandishi yake yameliwa na hewa ya bahari. Watoto wa waliozikwa pale walikuwa wamehama, wengine Johannesburg, wengine Australia. Sinagogi yao ndogo ilikuwa imegeuzwa ghala la matairi.

Aliyeniajiri, Mzee Lazar, ndiye pekee aliyebaki wa jamii ile, yeye na dada yake Rivka. Wayahudi wengine walikuwepo mjini, ila alikuwa amenuniana nao miaka mingi kwa jambo ambalo hakunieleza. Mimi aliniita Profesa, kwa utani.

Ijumaa moja Bi Rivka alifariki. Sabato hawaziki, na wanawe walikuwa wafike Jumapili kutoka Johannesburg. Akalazwa kwenye nyumba ndogo ya kuoshea maiti, pale pale makaburini. Kwao maiti haiachwi peke yake hata dakika moja mpaka izikwe. Mzee Lazar aliweka kiti kando yake, akawa anasoma Zaburi.

Jumamosi mchana nilipita kumjulia hali. Uso ulikuwa umempauka kwa kukesha.

"Profesa, kaa hapa. Nilale saa moja tu."

"Mzee, mimi si wa dini yako."

"Najua. Anayetakiwa ni mtu wetu. Haya, niambie, yuko wapi mtu wetu?" Akanishika mkono. "Usimwache peke yake."

Nasema kweli, nilitaka kukimbia. Durban nzima, na kazi hiyo inaniangukia mimi!

"Mzee, usiniamini kwa hili. Mama yangu nilimwacha barabarani. Alikuwa hai."

Nilidhani atanifukuza.

"Kiti ni hicho," alisema, akaenda kujilaza kwenye chumba cha majembe.

Nikakaa. Saa moja ikawa tano. Sikutoka hata kwenda haja. Zaburi zao sikuzijua, basi nikamweleza Bi Rivka habari za ndagala na za mbuzi yule, kwa Kiswahili ambacho hakuwahi kukisikia. Nililia pia, sikuona haya. Mzee Lazar aliporudi aliniuliza swali moja tu.

"Ulitoka?"

"Sikutoka."

Akatikisa kichwa kukubali, akafungua kitabu chake.

Mwaka uliofuata alifariki yeye. Safari hii sikungoja kuombwa, nilivuta kiti nikakaa mpaka wapwa wake walipofika. Walimzika, wakanishukuru, wakaniachia ufunguo wa lango. Hawakurudi tena, na majani yanaota kila mvua ikinyesha.

Nimekaa na maiti wawili wasio wangu. Mke wangu, niliyemwoa huku Durban, husema Mungu ameliona hilo. Labda. Mimi nimechoka kulipima. Najua tu kwamba mama alibaki chini ya mchikichi na kopo la maji, akitazama barabara, akingoja baiskeli; na hadi leo sijui kama kulikuwa na mtu yeyote kando yake.