Barua ya Kukaa Nyuma ya Goli

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mke wangu husema ni ugonjwa. Mimi nasema ni kuishi Tukuyu na macho yakiwa wazi.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshapanda mpaka kwetu milimani. Mitumba ilimwagwa kwenye maturubai siku za soko, mabasi ya watu binafsi yaligombea abiria, na magazeti mapya yalikuja na basi kutoka Dar es Salaam, ya jana, nasi tuliyasoma kama ya leo. Nilikuwa na studio ndogo karibu na stendi. Nilipiga picha za pasipoti, za kipaimara, na zaidi ya zote, za misiba. Ukoo ukifiwa vijijini, Masoko au Kisondela, lazima ipigwe picha watu wamelizunguka jeneza. Wateja wangu wa uhakika walikuwa marehemu, na nilikuwa nimewachoka.

Nilichokitaka ni mpira. Nilimwandikia mhariri wa michezo wa moja ya yale magazeti mapya, nikamtumia picha zangu za mashindano ya kombe la kata. Akajibu, jambo ambalo lenyewe lilinishtua. Aliandika kwamba picha zangu zimejaa visogo vya watazamaji. Nimletee picha tatu zilizopigwa ndani ya kamba, jirani na goli, pamoja na barua ya waandaaji inayonitambua. Akiridhika, atanipa kitambulisho cha mpiga picha wa gazeti. Barua hiyo niliisoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika.

Sasa, ndani ya kamba hakuwa akiingia mtu hivi hivi. Mlinzi wa uwanja, mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua mwaka mzima, aliniambia, "Pigia hapa hapa nje, mwanangu. Mpila unaonekana." Ruhusa ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati ya mashindano, mwalimu mstaafu aliyekuwa na duka la vifaa vya shule na mhuri wa kamati ndani ya droo.

Nilimwendea mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza kwa nini gazeti la Dar litake picha za Tukuyu. Mara ya pili aliniuliza nimetumwa na chama gani, maana vyama vingi navyo vilikuwa vimeingia. Mara ya tatu hakuuliza kitu, aliniangalia tu mikono.

"Nyuma ya goli si mahali pa kukaa mtu," alisema. "Wewe ni mwenyeji hapa, unajua."

Nilijua. Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe haukuwa wa mpira. Ni wazee waliotangulia uwanjani asubuhi na mapema kuchimbia dawa golini, au kuchimbua za wenzao. Ndiyo maana mtu yeyote aliyesogelea nguzo za goli alihesabiwa kuwa ametumwa. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi nina kamera tu na ninaimba kwaya. Akasema nirudi wiki nyingine.

Halafu Ijumaa moja aliniita mwenyewe. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai na maandazi, akaniulizia wazazi. Kesho yake timu ya mji ilikuwa inacheza nusu fainali na timu ya wafanyakazi wa shamba la chai. Akaandika barua mbele yangu, "mpiga picha rasmi," akagonga mhuri. Nikanyoosha mkono.

"Katibu wa timu atakuletea," akasema, akaitia kwenye bahasha.

Machale yakanicheza. Barua imeandikwa mbele yangu, kwa nini iletwe? Na katibu wa timu ya mji anahusikaje na barua ya kamati ambayo haitakiwi kuwa na timu? Chai niliinywa hivyo hivyo.

Katibu alifika studio Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mkono wa kulia alishika bahasha. Kwenye mkono huo huo, chini ya bahasha, alishika kikopo cheusi cha filamu, cha plastiki, kama vyangu vilivyojaa mezani. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mwekundu.

"Kaka, wewe ndiye utakayekaa nyuma ya goli lao," alisema. "Nguzo ya kushoto. Unaangusha tu, unasukumia kwa kiatu. Nani atashangaa kuona kikopo cha filamu kwa mpiga picha?"

Nikaelewa chai ilikuwa ya nini. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Lakini bahasha na kikopo vilikuwa mkono mmoja, na mkono haukufunguka mpaka nilipovipokea vyote viwili. Alipoondoka nilijiapiza kwamba sitakiweka popote. Ule uzi niliutoa, ili hata mimi nisikikumbuke, nikakitia mfuko wa kushoto wa koti. Nilitaka kukiacha studio, ila niliogopa mtu asije akakifungua.

Mlinzi alisoma barua, akaisoma tena, akainua kamba. Nilikaa kwenye majani yaliyolowa nyuma ya goli la timu ya chai, na kwa mara ya kwanza niliona mpira bila kisogo cha mtu. Ilikuwa raha, siwezi kusema vingine. Dakika chache kabla ya mapumziko mshambuliaji wetu aliruka na beki wao, akaugonga mpira kwa kichwa, kipa akajinyoosha mzima mzima, na mimi nikabonyeza. Goli. Nilijua nimeipata. Picha ya namna hiyo haihitaji kuoshwa ndipo uijue.

Filamu ikawa imeisha. Mvua nayo ikaanza, ile yetu isiyobisha hodi. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote misibani: nikainama, nikavuta koti juu ya kichwa, nikabadilisha filamu gizani kwa kupapasa. Nilipotoa kichwa nje, kipa wa timu ya chai alikuwa amesimama juu yangu.

"Anazika kitu!" akapiga kelele. "Nimemwona! Goli limeingia, na yeye yuko pale anazika kitu!"

Mchezo ukasimama. Kipa aligoma kurudi golini. Mwamuzi akaja, na nyuma yake nusu ya timu ya chai, na watazamaji wakaanza kuisukuma kamba. Nilionyesha barua. Mwamuzi hakuitazama.

"Toa ulichonacho," alisema.

Mfuko wa kulia ulikuwa na kikopo chenye filamu ya goli. Wa kushoto ulikuwa na kile kingine. Wasipopata kitu watanipekua mpaka soksi, na wakikipata cha kushoto, sijui kama ningetoka pale na meno yangu. Nikatoa cha kulia.

Kipa alikifungua, akakishika kile kigogo cha filamu, akaona ulimi wa mkanda umechungulia, akauvuta. Niliuacha ulimi ule nje kwa haraka. Siku nyingine huurudisha wote ndani. Akavuta, akavuta, mpaka filamu nzima ikaungua kwa mwanga, goli langu likiwa ndani yake, ikaning'inia mvuani kutoka mkononi mwake hadi magotini. Akaiinua juu aone kuna nini.

"Ni mkanda tu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa.

"Una kingine?" mwamuzi akaniuliza.

"Sina," nikasema.

Nilihamishiwa nje ya kamba. Tulishinda moja bila. Jioni hiyo nilikitumbukiza kile kikopo chooni bila kukifungua, nikanawa mikono mara mbili, nikawakasirikia wote, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumatatu mwalimu akaniita. Safari hii kulikuwa na soda. Katibu alikuwepo, anatabasamu.

"Kazi yako tumeiona," mwalimu alisema. "Na walipokubana hukututaja."

"Picha zimeharibika, mwalimu. Hakuna hata moja."

"Picha!" Akacheka, katibu naye akacheka. Akavuta karatasi, akaandika barua nyingine, ya msimu mzima, viwanja vyote vya wilaya. Alipofika katikati akainua kalamu.

"Kazi tuandike nini?"

"Mpiga picha," nikasema.

Akaandika huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, kwamba sikukiweka. Lilikuwa mdomoni tayari. Mhuri ukagonga. Nikaipokea barua kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama tulivyofundishwa, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwalimu."