Kompyuta ya Tahera na Vituo vya Jumanne

Watu wa Ngamiani wakinikuta sokoni wananiuliza, "Mama Blessing, Tahera wako hajambo?" Nawajibu, kamuulizeni mwenyewe, mimi si msemaji wake. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii! Nina hasira mpaka leo, na hasira ukikaa nayo kifuani inakula wewe mwenyewe. Basi nawasimulia huyu Tahera ni mtu wa namna gani, halafu mseme nyie.

Tahera ni Bohora, Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa Tanga hii hii. Kiswahili chake ni cha mji kuliko changu mimi Bertha, niliyezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba. Mumewe, marehemu Esmailji, alikuwa na duka la misumari na makufuli. Mtoto hawakujaliwa. Esmailji alipofariki duka likafungwa, na Tahera akabaki na nyumba kubwa, mashine ya kutarizi iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, na kompyuta kongwe ya dukani, ya Windows Seven. Mashine ile ilikuwa haisikilizani na kompyuta nyingine yoyote. Tulishajaribu mpya mbili za kuazima, wapi!

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye anachora nakshi kwenye kompyuta, mimi nasimama mashineni nabadili nyuzi. Tulitarizi rida, lile vazi la vipande viwili la wanawake wa Kibohora, na shule zikikaribia kufunguliwa tunatarizi nembo za masweta. Tahera hakubali kazi ya ovyo ovyo. Ua likipinda kidogo tu anafumua lote, hata kama mteja keshapiga hodi. Kompyuta akiiita "bibi". Ikichelewa kuwaka anaikemea kwa Kigujarati, ikizidi kugoma anaibembeleza kwa Kiswahili: "Amka bibi, amka mama, wageni wamefika." Mimi nacheka mpaka machozi. Nilimpenda mwanamke yule, na sioni sababu ya kuficha.

Alipotoka eda, mdogo wake Juzer alikuja kutoka Dar kumchukua akaishi naye. Nilikuwepo sebuleni. Niliogopa, maana nilikuwa nimeshaacha kibarua changu cha cherehani ili nifanye kazi na Tahera, na akiondoka nabaki sina kazi wala rafiki. Tahera akanishika mkono mbele ya Juzer, akasema, "Mashine hii ikiwa hai, siondoki Tanga. Wallahi. Siku ikifa, njoo unichukue." Juzer akacheka, akasema haya dada, tutaona ni nani atachoka kwanza. Tangu siku hiyo nikaitunza mashine ile kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Ikiwa hai, Tahera yupo. Ikifa, basi tena.

Sasa, mashine haikuwa na tabu. Mwenye tabu ni bibi, kompyuta. Leo inafanya kazi, kesho inakuambia haijui mashine wala haijawahi kuiona. Tahera ndiye aliyenifundisha dawa yake. Windows, bila kuambiwa na mtu, hujiwekea kituo kila baada ya muda, yaani inakumbuka kwamba leo nilikuwa mzima namna hii, nikiugua nirudisheni hapa. Picha na barua haigusi, inarudisha programu na mipango yake tu. Ya kwetu ilikuwa ikiweka kituo Jumanne. Ikigoma, Tahera anafungua pale pa vituo, anachagua Jumanne iliyopita, kompyuta inajizima na kuwaka, na mashine inaonekana tena. Tulikuwa tunasema "tuirudishe Jumanne", hata Blessing binti yangu alikuwa akisema hivyo akigombana na mwenzake.

Kulikuwa na desturi baina yetu. Krismasi na Pasaka nikienda kwetu Maramba, Tahera ndiye anayelisha kuku wangu, na anawalisha vizuri mno, nikirudi hawataki pumba. Ukiingia Muharram, zile siku za mwanzo ambazo Mabohora hufunga kazi zote waende kusikiliza waadhi, yeye hufunika mashine kwa shuka, hagusi uzi wala sindano, na ufunguo wa chumba cha kazi anakaa nao Bertha. Ikifika Jumanne naingia, nawasha kompyuta, neno la siri la kuingia ndani sina wala halihitajiki, naiacha iwake mpaka adhuhuri iweke kituo chake, nazima, nafunga. Miaka yote nimefanya hivyo. Mwaka huu nimefanya hivyo hivyo. Nilikaa pale nikichambua mchele, sikuondoka hata kwenda kununua maji.

Siku zikaisha, tukafunua shuka, Tahera akawasha. Kompyuta ikasema hakuna mashine.

"Irudishe Jumanne," nikamwambia, wala sikunyanyua macho, nilikuwa natunga uzi.

Akafungua pale pa vituo. Sikusikia akibonyeza kitu. Nikaenda kuchungulia juu ya bega lake. Hapakuwa na Jumanne. Hapakuwa na siku yoyote, patupu kabisa.

"Bertha," akaniambia taratibu, "ile Jumanne uliiacha ikiwaka muda wa kutosha?"

"Mpaka adhuhuri! Nimesikia adhana ndiyo nikazima."

"Labda uliizima mapema kidogo, shoga yangu. Basi, si kosa lako."

Si kosa lako! Maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa samaki, hayapandi hayashuki. Nilirudi nyumbani sili. Nilijiuliza kama ile adhana ilikuwa ya adhuhuri kweli au masikio yangu yamezeeka. Nikajilaumu kwa kuchambua mchele badala ya kuangalia kioo. Na hata kama ningekosea Jumanne moja, mbona na za nyuma hazipo? Hilo nalo nikajipa jibu mwenyewe, nikasema labda ikikosa moja inafuta zote. Mtu akishajiona mkosaji anajitafutia ushahidi.

Yakaanza mahangaiko. Juzer akapiga simu, nikamsikia Tahera akimwambia, "Ndiyo, imekufa," nami nikapiga kelele kutoka jikoni, "Haijafa! Thubutu! Inaumwa tu!" Jirani mmoja anayejua mambo hayo akatuambia kwamba kompyuta ikijaa sana haina pa kuweka vituo, na vya zamani inavifuta yenyewe. Nikashika hilo kwa mikono miwili. Nikamwambia Tahera tupunguze mizigo. Mafaili yake mengi yalikuwa nakshi za wateja, hayafutiki. Kilichobaki ni picha zangu.

Picha za kipaimara cha Blessing. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji wiki ile ile ya sherehe, nilikuwa nimeshazihamishia kwa bibi, kwa hiyo picha zilikuwa mle tu. Blessing kavaa gauni jeupe tulilomtarizi sisi wawili, mama yangu mzazi kasimama pembeni anamrekebisha kitambaa, na mama alifariki mwaka uliofuata. Nikakaa mbele ya kioo. Tahera alikuwa kiti cha pili, kikombe cha chai mkononi.

"Una hakika, Bertha?" akaniuliza.

"Bora ubaki wewe," nikamwambia. "Picha ni karatasi tu." Wala hazikuwa karatasi, lakini ndivyo nilivyosema. Nikafuta, nikafuta na kule zinakokwenda zikifutwa. Tahera akanywa chai yake.

Kituo hakikurudi.

Ndipo nikamwita Rahimu, fundi wa kompyuta wa Makorora, mtu mzima mwenye wajukuu. Tahera hakutaka aitwe. Alisema mafundi wa siku hizi wanaharibu tu, tuiache ipumzike, na ikiwa Mungu kapanga ndiyo mwisho, basi. Mimi nikaona kakata tamaa, nikamwonea huruma. Nikangoja atoke kwenda sokoni, nikamleta Rahimu, na neno la siri la kuingilia kompyuta sikuwa nalo, ila Tahera aliiacha wazi.

Rahimu hakuhangaika sana. Akafungua huku na kule, akaniuliza, "Mama Blessing, nani aliyezima hii?"

"Mimi, Jumanne, saa za adhuhuri," nikajibu haraka, maana nilikuwa na hatia tayari mdomoni.

"Si kuzima kompyuta. Huu ulinzi wake wa kuweka vituo. Umezimwa. Ukiuzima, vituo vyote vya nyuma vinafutika hapo hapo, na kabla haijafuta inakuuliza kwanza kama una hakika."

"Labda umejizima wenyewe, si imezeeka?"

"Kujaa kunaweza kufuta vituo, kweli. Lakini hii haikujaa. Ina nafasi tele." Akaendelea kubonyeza. "Na ile programu inayoifanya ijue mashine yenu haikuharibika. Imetolewa kwa mkono, kwa utaratibu. Aliyefanya haya anajua anachofanya, na analo neno la siri. Nikiwasha ulinzi utaweka vituo kuanzia leo, vya nyuma havipo tena. Mnayo sidii ya ile programu?"

Sidii ilipasuka zamani, Esmailji akiwa hai. Rahimu akasema basi atajaribu kutafuta, ila nisiweke tumaini. Nikamsindikiza mlangoni.

Unajua nilimshuku nani? Juzer! Alikuwa Tanga Muharram ile, kalala nyumba ile ile, na ndiye anayetaka mashine ife. Damu ikanipanda kichwani. Nikampigia simu nikiwa bado nimesimama mlangoni, sikumsalimu, nikamvurumishia yote. Nikamwambia wewe mwanamume mzima, humwonei haya dada yako, unamuulia kazi yake ili umbebe kama kifurushi!

Juzer akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Bertha, mimi hata kuingia kwenye kompyuta hiyo siwezi, neno la siri analo yeye peke yake. Na kwani nina haja gani? Dada kaniambia tangu kabla ya Idi kwamba anakuja. Chumba chake tumeshakipaka rangi."

"Rangi ya nini?" nikamuuliza.

"Alisema umeshajua," akaongeza. "Alisema mmelia pamoja, yakaisha, ukampa baraka zako."

Jamani. Sikumbuki kama nilimuaga Juzer. Nakumbuka nilikaa juu ya kile kiti chake, mbele ya bibi, nikamngoja.

Alirudi na kikapu cha ndimu. Aliponiona nilivyokaa akajua. Akaweka kikapu chini, hakuvua hata viatu.

"Tulilia lini mimi na wewe, Tahera?" nikamuuliza. "Nikumbushe, maana mimi nimesahau."

Akakaa kwenye kiti changu cha mashineni. Akasema niliapa, Bertha, niliapa mbele yako. Nimechoka. Magoti yanauma, nyumba kubwa, nakula peke yangu kila jioni, wewe unakwenda kwako kwa Blessing. Nilidhani mashine ikifa, kiapo kitaisha chenyewe na hakuna atakayelaumiwa.

"Hakuna?" Nikasimama. "Na mimi niliyeizima mapema, mimi ni nani? Mimi si mtu?"

"Nilikuambia si kosa lako."

"Ulijua si kosa langu! Ulijua, ukaniambia kama unanisamehe!"

Akainamisha kichwa. Nami nikauliza lile lililokuwa linanichoma zaidi, nikauliza kwa sauti ndogo kwa sababu kubwa ilikwisha. Kwa nini aliniacha nifute picha za Blessing na mama yangu, yeye amekaa pembeni, anajua hazitasaidia chochote.

"Ningekuzuia," akasema, "ungejua."

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani ni wa maadui.

"Nilijua utanizuia nisiende," akasema tena, machozi yanamtoka.

"Nani? Mimi?" nikamwambia. "Ungeniambia, Bertha, nimechoka, nakwenda kwa ndugu yangu. Ningelia. Ningekutukana, unanijua. Halafu ningekufungia mizigo mwenyewe, na kachumbari ya safari ningekutengenezea." Nikachukua kanga yangu nikatoka. Sikugeuka.

Aliondoka Ijumaa ile iliyofuata. Juzer alikuja na gari, wakapitia kwangu kabla ya kushika barabara ya Segera. Nilisikia mlango wa gari, nikasikia viatu vyake uani, kuku wakamkimbilia. Akapiga hodi. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, mkono umeshika komeo. Akapiga ya pili, akaita, "Bertha, shoga yangu." Nikauma kanga. Akapiga ya tatu.

Kwetu pwani hodi ni tatu. Asipoitikiwa, mstaarabu anaondoka zake, na Tahera ni mstaarabu. Nikasikia viatu vinarudi, gari likawaka, likaenda. Mimi bado nimeshika komeo, nangoja ya nne.