Samaki Wawili wa Somo la Pili

Nilikuwa nimerudi kutoka Kasenga, nilikokuwa nikipakia samaki kwenye malori, na nilipanga chumba katika mtaa wa Annexe. Mjini niliishi kwa kupiga video za harusi kwa simu. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la sita, lakini siku zote nimependa kukaa karibu na watu wanaojua vitu.

Ndivyo nilivyomfahamu mama mmoja wa mtaa wa Bel-Air, mwalimu wa chuo kikuu, aliyefundisha namna ya kuhifadhi chakula. Chuo kilikuwa kimeamua kozi yake ifundishwe kwa intaneti, naye alihitaji mtu wa kumrekodi. Kwa somo la kwanza alisimama sebuleni mbele ya pazia, akasoma karatasi zake polepole, kama wanavyofanya walimu wa kwetu, akitaja mkato, nukta na mstari mpya kwa Kifaransa: "Virgule. Point, à la ligne." Kisha akanyamaza, akiitazama simu yangu, akingoja kalamu zimalize kuandika. Hapakuwa na kalamu. Niliurekodi ukimya wote.

Juma moja baadaye kompyuta ilionyesha kwamba mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyefungua video. Mkuu wa idara alimwambia kuwa somo la pili likienda hivyo hivyo, kozi atapewa mwalimu mwingine. Mwalimu alikuwa ameingoja kozi hiyo miaka mingi, akisahihisha mitihani ya wenzake.

Alimwita nyumbani kiongozi wa darasa, binti mwembamba aliyekuja na daftari kubwa.

"Madame, mutuhurumie," binti alisema. "Mega ya intaneti iko bei kali. Mumoja anaangalia, anaandika, bengine banapiga foto ku kaye yake."

"Na ule mumoja njo nani?" mwalimu aliuliza.

"Njo miye, Madame," alisema, akiliinua daftari lake. "Na miye nilishachoka."

Alipoondoka, mwalimu alinigeukia. "Na weye, Papa Kamera? Ulisikia somo yote. Ulishika nini?"

"Sikushika kitu, Madame. Nilikuwa nahesabu mavirgule."

Hakucheka. Kwa kuwa alikuwa ameniuliza, nami nikauliza jambo nililotoka nalo Kasenga. "Ile samaki tunakausha na moshi, juu ya sababu gani wakati ya mvua inatoka badudu?"

"Mulikuwa munatia chumvi?"

"Mara ingine."

"Na tofauti iko wapi?"

Sikuwahi kuangalia yupi hutoka wadudu, nikamwambia hivyo. Alichukua kalamu, akaandika swali langu nyuma ya karatasi za somo.

Kesho yake alinunua samaki wawili. Mmoja alimtia chumvi, wa pili hakumtia, akawakausha wote kwa moshi na kuwatundika jikoni. Video ilikuwa fupi, isile mega za watu. Aliwaonyesha wanafunzi samaki hao na kuwauliza yupi atatoka wadudu kwanza, na kwa sababu gani. Kila mmoja atundike vipande vyake nyumbani, atume picha. Jibu hakulitoa. Kinywa chake bado kilitaka kuandikisha imla, kwa hiyo tulipatana kwamba akisema "virgule" nitanyanyua mkono. Nilinyanyua mara tatu. Mwishowe alizifunika karatasi zake kwa sufuria.

Picha zilianza kuja: samaki dirishani, samaki kwenye kamba ya nguo. Katika sauti moja iliyotumwa, mama wa mwanafunzi alisikika nyuma akipiga kelele: "Inanuka mu nyumba yangu! Hii njo universite?" Safari hii daftari la kiongozi halikumsaidia mtu, maana kila mmoja alikuwa na samaki wake.

Mimi pia niliandika jibu, ingawa sikuwa mwanafunzi. Nilisema atakayetoka wadudu kwanza ni yule wa chumvi, kwa sababu kwenye malori ya Kasenga nilimwona akitoa maji mvua ikinyesha. Nilikuwa na hakika.

Siku ya tano, funza walitoka kwa yule asiye na chumvi.

Karibu darasa lote lilikuwa limefungua video. Mkuu wa idara alimwachia mwalimu kozi yake, ila alidai noti za kuweka kwenye faili. Mwalimu alizisoma kwa sauti ya zamani, virgule kwa virgule, nami nikarekodi. Hakuna aliyezifungua.

Kisha tukaanza somo la tatu. Mwalimu alisimama jikoni, bila karatasi.

"Kuna muntu mumoja alibeba samaki myaka mingi," alisema. "Anasema chumvi inavuta maji. Kwa ile, iko na haki. Sasa alikosea wapi?"

Nilikuwa nyuma ya simu. Nami nilitaka kujua, nikaishika isitikisike.