Matuta Yangu Thelathini kwa Bibi Yustina

Ninyi mliokulia Ufipa miaka yetu hamhitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa sita. Kule Mollo tulikwenda shule miguu mitupu, umande unakata vidole, na njiani tukisimama pale ng'ombe walipolala ili tukanyage joto waliloliacha. Mchana tulicheza rede na mdako mpaka tukasahau kuni tulizotumwa. Jioni ilikuwa ugali wa ulezi na maharage, na siku mfanyabiashara akipanda kutoka ziwani na migebuka mikavu, harufu yake ilikaa kwenye sweta la shule hadi Ijumaa. Ukiwasimulia haya watoto wa leo wanakuuliza simu mlikuwa mnachajia wapi.

Hayo yote nayakumbuka kwa furaha. Kuna moja nalikumbuka kwa wivu.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu, na mama alinilea kwa sentensi moja: "Dafroza, wewe ni mtoto wa katekista, watu wanakutazama." Nami nilipenda kutazamwa. Sala zote nilizijua, nyimbo nilianzisha mimi, na niliamini kabisa kwamba Mungu mwenyewe amenipanga niwe mfano kwa wenzangu. Tatizo ni kwamba wenzangu walikuwa wanamfuata Skola.

Skola alikuwa mtoto wa jirani, rika langu, mkimya, na katekisimu ilimshinda. Amri za Mungu alizitaja kama mtu anayekusanya kuku waliotawanyika, ya saba inatangulia, ya nne inakuja baadaye inahema. Lakini watoto wakiwa naye hawakutukanana. Sikuelewa kwa nini, maana hakuwa anamkataza mtu.

Mwaka mmoja ilihamia kwetu familia ya wafugaji Wasukuma, na binti yao Kabula tukawa tunamcheka Kiswahili chake. Niliwakusanya wenzangu chini ya mkaratusi wa kanisani nikawahubiria kumpenda jirani, kwa sauti ya baba kabisa, na mkono nimeunyoosha vilevile. Walinisikiliza vizuri, kisha wakaenda kumcheka tena. Skola hakuhubiri. Siku ya rede, wakati wa kugawana timu, alimtaja Kabula wa kwanza. Wiki haikuisha kila timu ikawa inamgombania. Ni kweli Kabula alikuwa na shabaha, lakini kabla ya hapo nani alijua? Siku hiyo nilirudi nyumbani na wivu.

Basi ukafika mwaka wetu wa kipaimara. Baba alitangaza kwamba mtoto mmoja atampokea askofu kwa maua na kumsomea salamu kwa niaba ya wote, na atakuwa yule ambaye wenzake wanamwiga katika mema. Kazi ya kutupima ilikuwa shamba la Bibi Yustina, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya kanisa. Tulitakiwa tumchimbie ntumba.

Kwa mgeni nitaeleza kidogo. Ntumba ni yale matuta yetu ya mviringo. Mvua zikikaribia kuisha, nyasi zikiwa ndefu, unazilaza na kuzifukia kwa udongo, zinaoza humo ndani kwa miezi. Mvua za msimu mwingine zikianza, matuta yanapasuliwa, ule uozo unasambazwa shambani na ulezi unapandwa. Kazi yenyewe hasa ni kufukia nyasi. Inavunja mgongo na inachelewesha.

Mimi nikaona njia fupi. Nyasi nilizifyeka nikazitupa korongoni, kisha nikawa nakusanya udongo mtupu na kuupigapiga kwa jembe hadi ung'ae. Kwa siku tatu nilikuwa na matuta thelathini, yamepangwa mistari, mazuri hata ukiyaona kutoka barabarani. Skola alikuwa na kumi na moja, yamekaa kombokombo. Alikuwa akichimba huku anaimba chini chini, na kabla ya siku ya pili kuisha nusu ya darasa ilikuwa imehamia upande wake, Kabula akiwa mbele, wanaimba na kufukia. Kwangu nilikuwa peke yangu na mistari yangu. Jumapili baba alitaja kanisani matuta thelathini ya Dafroza, na mama akavuta kanga yake vizuri.

Nadhani kwa kuwa nilitaka sana kuonekana, nilisahau kwamba tuta la Kifipa lina siku yake ya kupasuliwa.

Mvua zilipoanza, kigango kizima kilikwenda kwa Bibi Yustina na majembe. Baba, kwa fahari, akaanzia upande wangu. Tuta la kwanza likatoka udongo mwekundu mkavu, hakuna hata jani moja. La pili hivyohivyo. La tatu akalipasua polepole, na akasimama. Upande wa pili matuta ya Skola na wenzake yalikuwa yanafunguka meusi, laini, yana minyoo. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa heri wangecheka. Hakuna Mfipa anayehitaji kuelezwa tuta tupu.

Baba akauliza, "Upande huu alichimba nani?" Alijua. Aliuliza ili niseme mwenyewe.

"Tulichimba wote, Mwalimu," Skola akasema.

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema kwa ajili yangu. Ningependa kuwaambia kwamba nilitubu palepale. Sikutubu. Moyoni nikamchukia zaidi, kwa sababu hata kunisitiri alinishinda. Nilipoingia kuungama kabla ya kipaimara nilimwambia padre nimelamba sukari ya mama. Askofu alipokelewa na Skola. Salamu zilimpotea katikati, akasimama anatabasamu na maua yake, askofu akacheka, na watu wakampenda mara mbili.

Leo naishi Sumbawanga mjini. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, na kila asubuhi natuma somo kwenye kundi la simu, vijana wananijibu kwa kale kapicha ka mikono miwili, nadhani bila kusoma. Binti yangu Neema yuko kidato cha tatu. Shikamoo yake ilikuwa ya kuvutwa kama jino, wageni anawasalimia "mambo" tu. Desemba alikwenda kukaa kwa Skola, ambaye ameolewa Laela na anauza maharage stendi. Aliporudi nikamkuta asubuhi anamchotea maji Bibi Paskalia, jirani yetu ambaye miguu imemchoka.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mama mkubwa Skola yeye huwa anafanya tu."

Miaka yote namhubiria mtoto huyu, na Skola amemchukua kwa wiki tatu bila kufungua mdomo. Wivu ulinirudia mbichi kama siku ile ya rede.

Mwezi wa pili nikachukua jembe. Nyuma ya nyumba ya Bibi Paskalia kuna kipande kilichojaa nyasi. Nikazilaza, nikazifukia, tuta moja baada ya jingine, hadi yakafika kumi na moja, yamekaa kombokombo, na mgongo ukagoma. Nilipoinuka nikamwona Neema ameshika simu.

"Mama umetoka poa, naiweka status."

"Futa," nikamwambia.

Enzi zetu mtu alitazamwa na kijiji, na ilibidi asubiri mvua ndipo ajulikane. Watoto wetu wanajulikana kabla hawajanawa mikono. Siwalaumu, mimi ningekuwa na simu mwaka ule, yale thelathini yangefika hadi Mwazye.

Neema akafuta. Nikanawa matope, nikakaa kizingitini, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba ningemwacha kwanza amtumie Skola ile picha.